Vipengele Kumi na Vitatu

Mimi hununua ndengu katika masoko ya Migwani na Tulia, na kabla sijalipa huhesabu magunia mara mbili: kwanza kwa macho, halafu kwa kidole. Macho yana haraka. Kidole hakina pa kwenda. Watu wa soko wamenizoea. Wakiniona nikitokea wanasema, "Anarudi kuhesabu," hata kabla sijahesabu mara ya kwanza.

Nadhani ndiyo sababu mtoto wa dada yangu, alipopewa mkataba wa kwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba, aliniletea mimi na si pasta. Si kwamba alitaka ushauri. Alikuwa ameshaamua kwenda, na alikuwa na siku nne za kurudisha karatasi zikiwa na sahihi. Alitaka tu niseme "sawa" ili mama yake atulie.

"Anti, soma haraka," akaniambia. "Wenzangu wote wameshatia sahihi."

"Wenzako walisoma?"

"Tuliombewa kwanza."

Nikaelewa. Wakala wao, mwanamume wa suti aliye na ofisi ghorofani mjini Kitui, hufungua kila kikao kwa maombi. Na baada ya amina ni vigumu mtu kuuliza swali. Inakuwa kama unamuuliza Mungu.

Karatasi zilikuwa mafungu mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiarabu, na sahihi ilitakiwa kwenye yote mawili. Lile la Kiingereza nililisoma mezani polepole, kipengele kwa kipengele. Halikuwa baya. Saa za kazi zilikuwepo, siku moja ya kupumzika kila wiki, likizo, tikiti ya kurudi nyumbani mkataba ukiisha. Kipengele cha nane kilinipendeza zaidi: pasipoti na simu ya mfanyakazi zitakaa kwake mwenyewe, wala si kwa mwajiri. Nikaanza kufikiri kwamba huyu wakala nimemdhania vibaya.

Halafu nikafika cha kumi na nne, cha mwisho. Kilisema kwamba nakala hizi mbili zikitofautiana, itakayofuatwa ni ya Kiarabu.

Sasa, nimefanya biashara na watu wa kila aina. Nimeshakutana na mtu aliyeniambia, "Mama, tuko na mizani mbili, pima na unayotaka, lakini zikikataana tutafuata yangu." Sikununua kwake, lakini siku ile nilitamani sana kuiona mizani yake. Ndivyo nilivyojisikia kuhusu lile fungu la Kiarabu.

Kiarabu sikijui. Lakini kuhesabu hakutaki lugha. Nikaona kwamba upande wa kulia wa ukurasa kila aya ilianza na alama, na alama mbili nilizifahamu: moja yao ni kama moja yetu, na tisa yao ni kama tisa yetu. Nikahesabu kwa macho, kumi na tatu. Nikahesabu kwa kidole, kumi na tatu.

"Labda wao huandika kwa ufupi," akasema mtoto wa dada yangu.

"Ufupi hupunguza maneno. Haupunguzi namba."

"Anti, hata hujui ni namba."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinikera. Nikajaribu kulinganisha aya fupi na fupi, ndefu na ndefu, nione ni ipi haina mwenzake. Nilifika ya saba vizuri, kisha nikapotea.

Kesho yake tulienda Kitui kwa mzee mmoja mwenye duka la nguo. Babu yake alitoka pwani, na mimi na yeye tumebishana bei ya leso miaka mingi bila kukosana. Nilimwekea karatasi juu ya vitambaa nikamwomba asome. Akavaa miwani, akaangalia, akanirudishia.

"Mama ndengu, nikwambie ukweli. Mimi nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa mtoto. Herufi nazijua zote. Nikikusomea utafikiri nimezaliwa Makka. Lakini maana, kidogo sana. Halafu hii haina irabu. Hizi herufi ziko uchi."

"Namba unazijua?"

"Namba tena! Mimi ni mwenye duka." Akashuka na kidole mpaka chini. "Kumi na tatu."

Nilimtazama mtoto wa dada yangu. Akatazama leso.

Basi tulikuwa na mtu wa kusoma asiyeelewa. Hapo nikamkumbuka rafiki yangu wa Malili, kule Makueni, ambaye anauza matunda kando ya barabara kuu ya Mombasa. Tulianza kuuza ndengu pamoja, kisha akaenda Uarabuni miaka mitatu. Alirudi anaongea Kiarabu cha jikoni na sebuleni bila kigugumizi, lakini hawezi kusoma hata jina lake kwa herufi zao. Nikampigia, nikaweka simu kwenye spika juu ya kaunta, nikamweleza.

"Mwambie mzee asome," akasema. "Polepole, kuna malori."

Mzee akasafisha koo, akaanza. Alisoma kwa sauti tamu hata mteja mmoja aliyeingia akavua kofia. Rafiki yangu akamkatiza.

"Mzee, usiimbe. Huo ni mkataba."

"Naweza kusoma hivi tu."

"Haya, endelea."

Ikawa hivyo karibu saa nzima. Mzee anatamka neno, anakosea irabu, rafiki yangu analinyoosha kutoka Malili na kutuambia maana. Maneno mengine yalikuwa ya kiofisi mno, akasema wazi hayajui. Mishahara tukaipata. Siku ya kupumzika tukaipata. Cha saba kikalingana na cha saba. Cha nane kilipoanza, rafiki yangu akamkatiza tena.

"Rudia, lori imepita."

Mzee akarudia.

"Hiyo ni likizo," akasema. "Kwenu likizo ni ya ngapi?"

"Ya tisa," nikasema. "Ya nane ni ya pasipoti na simu."

"Basi ile ya pasipoti mmeiruka."

"Hatujaruka. Haipo."

"Mzee, nitafutie neno jawazi, ndiyo pasipoti. Jawazi ya safari. Kila mahali."

Mzee akatafuta mwanzo hadi mwisho, kisha mimi nikamwambia atafute tena. Halikuwepo.

"Mnipatie huyo msichana," akasema rafiki yangu. Mtoto wa dada yangu akainamia kaunta. "Sikiza, mami. Mimi mkataba wangu uliisha, mimi nikabaki. Pasipoti ilikuwa kwa mkoba wa mama yake bosi. Kila nikiuliza, mama yuko safari. Miezi minane nilipika bila mkataba, kwa sababu kitabu kimoja kiko kwa mkoba. Sikwambii usiende. Nakwambia ujue mkoba ni wa nani."

Tulipofika Migwani mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Anti, wanaweza kuandika upya?"

"Tutajuaje? Hatujauliza bei bado," nikasema.

Siku ya nne tulipanda ghorofani. Wakala akatupokea vizuri, akainamisha kichwa, akaomba, tukasema amina. Kisha mtoto wa dada yangu, ambaye nilikuwa nimepanga kumsemea, akaweka mafungu mawili kando kando.

"Hii ina vipengele kumi na nne," akasema. "Hii ina kumi na tatu. Cha pasipoti hakiko."

Wakala akacheka kidogo, akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, hiyo ni mambo ya tafsiri tu. Maana ni ile ile."

"Kama ni ile ile," akasema mtoto wa dada yangu, "haitakuwa kazi kuiandika."

"Itachukua wiki mbili. Nafasi inaweza kwenda kwa mwingine."

Akamsogezea mtoto wa dada yangu kalamu. Hakuichukua. Hapo ndipo nikaingia, kwa upole kabisa. Nikamwambia wakala kwamba sisi hatuna haraka; twende pamoja sote watatu kwa afisa wa leba wa serikali na nakala zote mbili, naye atuambie ni ipi ya kweli. "Na tukifika," nikasema, "utuanzishie kwa maombi."

Nakala mpya ilikuja baada ya siku tisa. Tukarudi kwa mzee, tukapiga simu Malili, mzee akaimba, akakatazwa kuimba. Kumi na nne. Cha nane kilikuwa na jawazi ndani yake. Mzee alitaka ninunue leso kwa kazi hiyo, nikanunua mbili, kwa bei ambayo bado tunaizungumzia. Mtoto wa dada yangu akatia sahihi palepale juu ya vitambaa.

Wiki aliyofika huko alinitumia picha: pasipoti juu ya mto wa kitanda, na simu ndiyo iliyopiga picha, kwa hivyo zote mbili zilikuwa kwake. Sikuandika jibu refu. Kesho yake nikamwomba atume nyingine.

"Anti, ni ile ile," akaandika.

"Najua," nikamjibu. "Ya jana niliangalia kwa macho."