Rangi ya Upande wa Barabara

Wenzangu mliolelewa katika nyumba zilizopakwa rangi upande wa barabara tu, ninyi ndio ninaowaandikia. Mnakumbuka. Mbele palikuwa na buluu chini na nyeupe juu, na maua ndani ya makopo ya samli. Ukizunguka nyuma, ukuta ulikuwa haujaonja rangi tangu ujengwe, na hatua chache kutoka hapo ndipo palipokuwa na jiko la mama, limeinama upande mmoja kama mtu aliyechoka kusimama.

Kwetu Gatuanyaga, jikoni ndiko kila kitu kilichozeeka kilikoishia. Baba alipopata mabati mapya ya nyumba kubwa, yale ya zamani yaling'olewa yakaenda kuezeka jikoni, pamoja na matundu yake yote ya misumari. Kiti kikivunjika mguu, kilipelekwa jikoni. Taa iliyopasuka kioo, sufuria iliyotoboka, mlango uliokataa kufunga, vyote jikoni. Sijui ni nani aliyeamua iwe hivyo. Hakuna aliyeuliza, hata mama mwenyewe.

Na sitasema uongo, tulipapenda. Jua la saa sita lilipita kwenye yale matundu likamwaga vitone vya mwanga sakafuni, nasi tukaviita shilingi. Mimi na kaka yangu Ndung'u tulizigombania. Aliyefunika nyingi kwa vidole vya mikono na miguu ndiye aliyekuwa tajiri wa siku hiyo, na Ndung'u, kwa kuwa alikuwa na miguu mikubwa, alitajirika kila siku. Githeri, mahindi na maharagwe, ilitokota tangu asubuhi. Viazi vitamu vilizikwa ndani ya majivu, na tulivila maganda yakiwa bado yanachoma midomo. Mvua iliponyesha, mama alipanda juu ya kile kiti cha miguu mitatu akaziba matundu kwa vipande vya sabuni. Mvua ikizidi, sabuni iliyeyuka. Kuna siku githeri ilitoa povu. Tuliila, na hakuna aliyeugua. Watoto wa leo maziwa yakikaa nje ya friji saa moja wanayanusa kama polisi.

Baba alikuwa na neno lake: "Mgeni akija asione aibu yetu." Na mama alikuwa na lake: "Huku jikoni nani wa kuona?" Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoijenga nyumba yetu, na nadhani ndiyo yaliyojenga nyingi za kwenu.

Lakini siku hizi ninapowasikia watu wa rika langu wakisifu moshi wa jikoni kwa mama, kwamba chakula kilikuwa na ladha na maisha yalikuwa mazuri, ninakasirika, Mungu anisamehe. Moshi ule tuliupitia tu, tukaenda zetu kucheza. Mama aliukalia. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, nasi tukadhani ndivyo macho ya mama yalivyoumbwa. Sasa tumezeeka, tuna meko ya gesi Ruiru na Thika, na tunaukumbuka moshi kwa furaha kwa sababu haukuwa kwenye macho yetu.

Niseme kilichonifikisha hapa. Mama bado yuko hai, na kwa hilo ninamshukuru Bwana kila asubuhi. Amepita miaka tisini. Mwaka huu tuliona vyema tumfanyie ibada ya shukrani pale pale nyumbani Gatuanyaga, na kabla ya siku hiyo tuirekebishe nyumba kidogo. Tulichanga watoto wote. Hatuna kitu kikubwa. Mimi niliacha kazi ya kiwandani zamani, ninaishi Gitothua na kuku wangu na kazi za kanisa. Zilipatikana fedha za kutengeneza sehemu moja ya nyumba, si mbili.

Ndung'u ndiye kifungua mimba, kwa hivyo alishika usukani. Alikuja kwangu Gitothua na mjukuu wake Shiru, msichana mwerevu anayesoma chuo pale Thika. Shiru akanionyesha picha kwenye simu: dari nyeupe yenye taa zilizofichwa, vigae vikubwa vinavyong'aa, ukuta wa televisheni.

"Hii ndiyo sebule ya cucu mkubwa," akasema, yaani bibi yake mkubwa, mama yetu. "Itatokea poa sana kwa picha."

Nikauliza, "Na jikoni?"

"Jikoni hatutapiga picha, cucu."

Nikamgeukia kaka yangu. "Ndung'u, mabati yale ya jikoni ni yale yale tuliyochezea shilingi. Na bafu ya nje sakafu imeota ukungu. Mama ameanguka pale mara mbili."

"Wairimu," akasema kwa upole, kama anaongea na mtoto, "mchungaji atakuja. Wakwe watakuja. Wageni hawaendi jikoni."

"Mama anaenda."

"Mama mwenyewe nimemuuliza. Amesema yuko sawa."

Nilimpigia mama simu jioni hiyo, nikiwa na hakika atanisaidia. Akacheka. "Tengenezeni pale pa wageni, mwanangu. Huku kwangu nani wa kuona?"

Niliweka simu chini nikakaa. Mimi ni mtu wa subira. Nimewafundisha watoto amri kumi miaka mingi, na ile ya kuwaheshimu baba na mama ndiyo wanayoikariri kwa haraka kuliko zote. Kila mwaka kuna Jumapili ya akina mama, tunawavisha leso, tunawapigia makofi, tunawapa vikombe. Halafu wanarudi kupika chini ya mabati yanayovuja na kuoga wakishika ukuta. Na tumewafundisha kusema wako sawa mpaka wameamini. Nilisali, na nilipomaliza kusali hasira ilikuwa bado iko, kwa hivyo nikaelewa kwamba si yote ilikuwa dhambi.

Tulikubaliana kukutana kwa mama Jumamosi na fundi Mutiso, ili kazi ianze. Ndung'u alipanda bodaboda kutoka lami, na mnajua vumbi la barabara ile wakati wa kiangazi. Alifika amekuwa rangi ya tofali, hadi nyusi. Mama akataka nimpashie maji aoge kabla ya chai. Nikapasha. Nikajaza beseni, nikalipeleka bafuni, nikamfungulia mlango ule wa bati, nikamkaribisha.

Mimi na fundi tulikaa nje, tukasikia.

"Wairimu, swichi ya taa iko wapi?"

"Hakuna taa."

"Sasa sabuni naiweka wapi?"

"Mama huiweka chini."

Kisha kishindo, beseni likagonga bati, na kaka yangu akaita jina la mtume mmoja ambalo sikujua analikumbuka.

"Nashika wapi hapa?"

"Mama hushika ukuta."

"Ukuta unateleza."

"Ndiyo."

Alitoka na povu masikioni na goti limechubuka. Ana miaka sabini na mitatu. Alienda akainama mlangoni pa jikoni, akatazama juu, na jua la saa sita lilikuwa limemwaga vile vitone sakafuni, vingi kuliko zamani, maana kutu imeongeza vyake. Mama alikuwa ameketi katikati ya vitone hivyo, anachochea moto, macho yanamtoka machozi.

"Mama," Ndung'u akasema, "umeoga pale miaka mingapi?"

"Si ndipo bafu ilipo?" mama akajibu.

Fundi Mutiso akatoa kipimo chake cha mkanda. "Kwa hivyo nianze na ile dari ya sebule?"

"Achana na dari," Ndung'u akasema. "Anza huku nyuma."

"Nivunje yote nijenge upya?"

"Usivunje kitu," nikamwambia. "Hatuna fedha za kuvunja."

Na hapo ndipo nilipoona mambo yanayowezekana kwa kidogo, mtu akiamua ni nani anayemtengenezea. Jikoni ilipata mabati mapya, mapya kabisa, yakiwa bado na karatasi ya duka. Kuta zilisuguliwa masizi kwa magadi na maji moto siku mbili, kisha zikapakwa chokaa. Jiko la kuni liliinuliwa juu, likawekewa bomba la kutoa moshi nje, ili mama apike bila kuinama. Kabati la zamani halikutupwa; lilibadilishwa bawaba na kupakwa rangi. Kule bafuni sakafu ilichongwa ikatiwa saruji yenye kukwaruza, haitelezi. Bomba la chuma la kushikilia lilipigwa ukutani, usawa wa mkono wa mama, tulipima kwa mkono wake. Paani likawekwa bati moja la plastiki linalopitisha mwanga. Vigae vya ukutani tulinunua vile vinavyobaki dukani, vya rangi tofauti, na Shiru ndiye aliyekaa chini kuvipanga mpaka vikaonekana kama vilikusudiwa. Nilikuwa nimemsengenya moyoni, na akanitia aibu kwa kazi ya mikono yake.

Sebule ilibaki na rangi yake ya zamani. Siku ya ibada wageni walikuja, wakakaa kwenye viti vilevile, na hakuna aliyekufa.

Ila ibada ilichelewa. Asubuhi hiyo nilimpelekea mama maji, nikasimama nje nimeshika taulo. Turubai tulilofunga uani lilikuwa limejaa watu, kwaya imemaliza nyimbo mbili, na mama alikuwa bado yuko ndani. Nilisikia maji yakimwagwa polepole, kikombe kwa kikombe.

"Maitu, uko sawa?" nikamwita mama.

"Niko."

Ndung'u akaja amevaa suti. "Mchungaji anauliza kama tuanze."

"Mwambie angoje."

Akasimama karibu nami. Baada ya muda nikamuuliza jambo lililokuwa limenikaba tangu mafundi waondoke. "Wewe unakumbuka mama alikuwa akienda kuoga saa ngapi, tulipokuwa wadogo?"

Akafikiri sana. Tunakumbuka maji ya baba, yaliyopashwa kwanza na kubebwa kwa sufuria kubwa. Tunakumbuka yetu, sisi sote kwenye karai moja, miguu ikisuguliwa kwa jiwe mpaka tukalia. Tunakumbuka hata ng'ombe akioshwa siku ya josho. Lakini mama akiwa na taulo begani, akienda kuoga kama mtu mwingine yeyote, hapana.

"Sikumbuki," akasema.

Hata mimi sikumbuki. Vijana wa leo wana bafu mbili katika nyumba moja na bado wanagongeana milango. Sisi tulikuwa na karai moja na tukajiona matajiri, na ningetoa mengi kurudi siku moja katika utoto ule, nikae jikoni nile kiazi cha majivu. Lakini nikirudi, ningetaka nirudi na macho niliyo nayo sasa. Ningechukua yale maji ya kwanza, ya moto, nimpelekee yeye.

Mchungaji alituma mtu mara ya pili. Ndung'u akamjibu mwenyewe. Akasema mama anaoga, na watu wakae.