Khamala Alikuja Kabiro na Sauti Yake Ilikuwa Imeshafika

Pikipiki ilitubeba watatu: dereva mbele, Khamala katikati, mimi jirani yake nyuma, nikiwa nimeshikilia koti lake. Mtaa wa Kabiro nilikuwa sijawahi kufika, kwa hiyo sikujua tumebakisha kona ngapi. Ndipo nikaisikia sauti ya Khamala ikituita kutoka mbele yetu: "Panya, mende, kunguni! Mgeni asiye na adabu, mfukuze leo!"

Khamala mwenyewe alikuwa amefunga mdomo.

"Umesikia?" akaniuliza, sauti yake halisi ikikwaruza kama mlango wenye kutu. "Yule ni mimi. Na mimi niko hapa."

Khamala anaishi Kianda, kule Kibera. Alitoka Bungoma akiwa na koo ambalo kwaya ya kanisa ilimwomba akalitumie kwingine. Akalitumia kunadi dawa ya panya ya Kiarie, mwenye duka na ploti ya kupangisha hapa Kabiro, akizunguka vichochoro kutwa nzima. Mwaka huu akajirekodi, ili kipaza sauti kinadi chenyewe naye akae anywe chai. Ni uvivu wa kawaida. Wachuuzi wa Nairobi wote wanao. Kiarie akaichukua ile rekodi, akailisha programu ya simu inayoiga sauti. Sasa anaandika lolote analotaka, na simu inalisema kwa koo la Khamala, bila chai. Jana alimwambia Khamala asirudi tena. Leo Khamala alikuwa amekuja kuidai kazi yake, na hii ndiyo wiki ambayo homa iliamua kumkaba koo.

Tulikuta spika imewekwa juu ya meza ya dawa. Khamala akapanda kreti ya soda kando yake, akanadi. Ilisikitisha.

"Wee buda, wacha kuiga Khamala!" Mama Mitchelle, muuza mboga wa meza ya pili, akamfokea. "Khamala ndio huyo!" Akaonyesha spika.

"Ni mimi, mama!"

"Kama wewe ni Khamala, mimi ni bibi ya gavana."

Khamala akakohoa, akameza mate. "Mama Mitchelle, panya za kwako hata hazihitaji dawa. Zionjeshe tu ile sukuma wiki yako ya juzi, zitahama zenyewe!"

Barabara nzima ikacheka, na Mama Mitchelle kuliko wote. "Ai! Huyo ndio Khamala! Hii redio ya Kiarie haijawahi nitusi hivyo." Akanunua dawa papo hapo. Wengine wakasogea, kila mmoja akitaka kutukanwa.

Kiarie akatoka dukani, simu mkononi.

"Khamala, ndugu yangu! Kazi yako iko. Hiyo ya sukuma hebu irudie polepole, karibu na simu. Unipe na zingine kama hizo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka zitoshe."

Khamala akaitazama simu. Nilimwona akipata jibu, na lilikuwa tamu, kwa sababu midomo ilianza kumcheza. Akalimeza. Akashuka kwenye kreti, akapanda pikipiki, akamgusa dereva begani. Kiarie alimfuata hadi kwenye kona, simu akiwa ameinyoosha mbele kama mtu anayekinga maji ya mvua, na hakupata hata kwaheri.

Mimi nikabaki pale na wanunuzi.

"Panya, mende, kunguni!" akasema Khamala kutoka juu ya meza.

"Na sukuma yangu je?" Mama Mitchelle akaiuliza spika. Akasubiri, mikono kiunoni.

"Panya, mende, kunguni!"