Mizani ya Pamba Haina Huruma

Wiki hii nilikuwa kwenye ghala la kununulia pamba hapa Tororo, nikamwona karani wa mizani akimrudisha mkulima kutoka Mulanda. Aliiminya pamba yake kwa vidole, akatikisa kichwa.

“Hii iko na maji, mzee. Maji inadanganya mizani. Enda anika, rudi wiki ingine.”

Aliyefuata hakuwa na pamba. Alikuwa mke wa dereva wa lori, amevaa buibui, shangazi yake kamshika mkono. Wanawake wa mjini hujipimia hapo, maana mizani ya hospitali ni ya Wazungu peke yao. Akavua viatu, akapanda. Karani akasogeza chuma, akacheka.

“Mama, wewe naongezeka!”

“Haiwezekani! Tangu mwezi uliopita nakula mboga tupu.”

“Mizani hapana danganya, mama.”

Shangazi akamvuta kando, karibu na niliposimama.

“Si uko kwenye siku zako, mwanangu? Mwili umeshika maji tu. Yatatoka.”

“Najua, shangazi. Lakini bwana anangoja jibu leo. Amesema nisipopungua, anaoa mwingine Busia. Na karani ameshatangaza mbele ya wanaume wote hawa.”

Akajifunika uso kwa buibui.

Yule mkulima alikuwa bado anafunga gunia lake, akinung’unika kwamba hana bahati. Hana bahati? Yeye aliambiwa arudi wiki ijayo.