Mapazia ya Fungu la Dharura

Ofisini kwetu mjini kulikuwa na fungu la dharura, yaani pesa za serikali zilizowekwa akiba kwa ajili ya maafa. Mimi nilikuwa karani wake. Mvua za masika zilipoezua paa la skuli moja ya Chwaka, mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alikuja kuomba mabati.

"Mwanangu, nshakuja mara tatu," aliniambia.

Nikamjibu kama nilivyofundishwa na mkubwa wangu: fungu haliguswi, huenda yakaja maafa makubwa zaidi. Nilisema hivyo bila haya.

Juni ikafika, mwaka wa fedha ukawa unakwisha. Pesa zikibaki zinarudi hazina, na mwakani tunapewa pungufu. Basi fungu lile lile lisiloguswa tukalivamia kama nzi. Ndani ya wiki moja tukabadilisha mapazia ya jengo zima, mazito, ya rangi ya dhahabu, mpaka chooni. Kwenye fomu, penye sababu ya dharura, nliandika kwa mkono wangu: jua kali. Mkubwa akasaini huku anakunywa chai.

Mapazia ya zamani, yamejaa vumbi na harufu ya panya, tuliyapeleka Chwaka yakaitwa msaada. Mkubwa alikwenda mwenyewe kuyakabidhi darasani, nami nilitumwa kupiga picha. Nikamwambia yule mama ainue pazia kidogo, lionekane vizuri.

Picha imetungikwa ofisini hadi leo. Mkubwa anacheka, mama ameinua pazia, na juu ya vichwa vyao, ndani ya darasa, linaonekana wingu.