Upande Mwingine wa Sofa

Nianze na aibu yenyewe, ndio tumalizane nayo. Nilimwambia kastoma kwamba yule mama ni mfanyakazi wangu, na yule mama alikuwa hapo hapo, ameshika upande ule mwingine wa sofa.

Hakuwa mfanyakazi wangu. Alikuwa na kibanda chake Kawangware, anavalisha viti: sponji, kitambaa, vifungo. Mimi niko Sarang'ombe, huku Kibera, natengeneza fremu ya mbao. Shule niliachia form two, na hata hiyo form two sikuimaliza, lakini kitu moja nilielewa bila mwalimu. Fremu bila kitambaa ni kuni zimepangwa vizuri.

Kwa hivyo tukaungana. Kazi ikipatikana Kibera, kitambaa ni chake. Ikipatikana Kawangware, fremu ni yangu, naipeleka na mkokoteni. Sponji tunanunua pamoja ndio mwenye duka atupunguzie. Wakati mmoja vijana wa mradi fulani walikuja kutufundisha biashara, wakauliza mbona biashara mbili zinaungana. Nikainua mkono, nikasema, "Kwa sababu mmoja hana cherehani." Watu wakacheka, nikapewa soda ya pili. Nilidhani nimemaliza hiyo somo.

Lakini mama alikuwa na sheria yake. Fremu lazima ikaliwe kabla haijavaa kitu. Anakaa, anajitingisha, anasikiliza kama inalia. Halafu anachukua msumari anakwaruza kila kiungo, kwa sababu alikuwa ananijua. Mimi nikipata ufa kwa mbao, nachanganya gundi na vumbi ya msumeno, najaza, napiga msasa. Ukiangalia unaona mbao tu.

"Fundi, hapa umepika ugali," anasema. "Rudi nayo."

Narudi nayo, Kawangware mpaka Kibera, nasukuma na kulalamika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi mzuri, bila kupenda.

Sasa siku ya Ayany, mtaa wa hapa Kibera. Kastoma alikuwa mzee mmoja Mnubi, mwenye nyumba za kupangisha, na alikuwa ametuambia akipenda hii sofa ataitisha zingine tano. Tulikuwa tumesimama mlangoni tumeibeba. Akapitisha kidole kwa mshono.

"Kazi safi. Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee."

"Na huyu mama?"

"Huyu ni mfanyakazi wangu."

Sijui ilitoka wapi. Nadhani nilitaka sofa tano ziwe za mtu mmoja. Mama akaniangalia juu ya mkono wa kiti.

"Inua upande wako, fundi," akasema. "Tunaingia."

Tukaingia, tukaiweka, akanyoosha hata mito. Nje akajipangusa mikono na leso.

"Hizo tano utafanya na mfanyakazi wako," akasema, akaenda kutafuta gari ya Kawangware.

Nilingoja nisikie vibaya. Sikusikia kitu. Nilinunua chapati nikala, nikarudi kupiga randa. Kesho yake randa, kesho kutwa randa. Watu walinisalimia niaje, nikawajibu poa, na kusema kweli ilikuwa poa, kama vile mguu uliolala ni poa.

Sofa ya kwanza kati ya zile tano nilifanya peke yangu, na cherehani ya kuazima. Mishono ilienda kama mlevi anatoka harusi. Ugali nilipika mahali mbili, na hakukuwa na mtu wa kukwaruza. Ndugu ya mzee alikaa hata hajaegemea, mguu wa sofa ukavunjika.

Mzee hakupiga kelele. Alichungulia pale mguu ulipovunjika, akaona ile gundi.

"Yule mfanyakazi wako yuko wapi?"

"Aliacha kazi."

"Basi fundi alikuwa yeye," akasema. Zile nne akampa mtu mwingine.

Sofa haibebwi na mtu mmoja, kwa hivyo niliiburuta mpaka nje, watoto wa ploti wakihesabu mara ngapi napumzika.

Baada ya hapo nilienda Kawangware mara mbili kumwomba msamaha. Mara ya kwanza nilishuka steji, nikanunua smokie, ile soseji ya barabarani, nikapanda gari nikarudi. Mara ya pili nilifika mpaka nikaona kibanda chake, na hiyo siku nilinunua smokie mbili.

Jirani yangu kinyozi, rafiki yangu, ndiye aliingia kwake kweli, kushonewa kiti ya kunyolea. Aliporudi alisimama mlangoni kwangu, mimi nasukuma randa.

"Nimemwona mama yako wa vitambaa," akasema. "Bado ana picha ya ile sofa ya Ayany kwa ukuta, alipiga kabla mpeleke. Kastoma fulani akamuuliza, hii fremu ni ya nani. Akasema ni ya fundi mmoja wa Sarang'ombe. Akaulizwa kama bado mnafanya pamoja. Akaniangalia mimi, akasema hiyo uulizwe wewe."