Gobori Juu ya Moto

Wakati wa Mwingereza, mume wangu alipata kibali cha gobori kutoka bomani. Kule juu kwetu mlimani ilikuwa heshima kubwa. Wezi walikuwa wamevunja nyumba ya jirani na kuswaga ng'ombe wake, basi yeye akaapa kwamba kwake hawatakanyaga.

Nilikuwa mzazi, nimejifungua mtoto wa kwanza. Kwa desturi yetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, hafanyi kazi, analishwa tu. Nililala karibu na moto, na ng'ombe wetu nyuma ya ubao, humo humo ndani. Mama mkwe alinipikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni. Nilinenepa, na kwa kuwa sikuwa na shughuli nyingine, niliitazama bunduki.

Ilining'inia chini ya dari, pale tunapoivishia ndizi, ili moshi uilinde na unyevu wa masika. Mume wangu alikuwa ameifunga kwa kamba za mgomba, kama tunavyofunga kila kitu. Ndani mlikuwa na baruti na gololi, na fataki ya kuilipua chini ya nyundo. Mpango wake ulikuwa huu: wezi wakija, mama yake apige yowe, yeye aitungue bunduki, mimi na mtoto tujibanze pembeni mwa ng'ombe. Alitufundisha hivyo kwa ukali wa mwalimu wa dini.

Kamba ya mgomba ikikaa juu ya moto hukauka, na ile yetu ikaanza kunyofoka nyuzi. Nilimwambia mume wangu.

"Baba, itoe baruti. Tutashindilia wakija."

"Mwizi atakusubiri ushindilie?" akasema. "Tahadhari kabla ya hatari, mama."

Methali anazijua sana, huyo. Kamba hakuigusa, na mimi mwanamke sikuruhusiwa kuishika bunduki.

Asubuhi moja nilimpeleka mtoto mlangoni, kwenye mwanga, nimpake mafuta. Mama mkwe alikuwa anachochea kuni. Kamba ikakatika, gobori likaanguka, nyundo yake ikagonga figa. Sikusikia mlio, niliona moshi tu, kisha ng'ombe akaanza kubweka kama mbwa. Sijawahi kusikia tena ng'ombe akilia hivyo.

Hakuna aliyeumia. Gololi zilikuwa zimejaa kwenye mbao za pembeni mwa ng'ombe, chini, kimo cha mtu aliyejibanza na mtoto.

Mume wangu alikuja mbio kutoka kwenye shamba la kahawa. Aliokota bunduki kwanza, akaukagua mtutu kama umepasuka. Akazitazama zile mbao. Halafu akatoka, akarudi na maganda mapya ya mgomba, akakaa kusokota kamba. Alipomaliza akashindilia baruti.

Niliona hasira. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Baba, ikipanda hiyo na baruti ndani, mimi na mtoto tunakwenda kwa baba yangu."

"Miezi yako haijatimia," akasema. "Watu watakuona."

Akapanda kigoda, akaifunga pale pale.

Nikamfunika mtoto, nikasimama. Kichwa kilizunguka, nikashika mlango. Mama mkwe akaweka mwiko chini. Nilidhani anakuja kunizuia.

"Mlete huyo," akasema, "wewe bado huna nguvu."

Akambeba mjukuu wake, akatangulia kutoka.