Jembe Lililolika Upande Mmoja

Jembe jipya ni la kuvunja ardhi. Jembe la kupalilia sharti liwe limezeeka. Nasema hivi kwa ajili ya yule aliyenunua jembe juzi, likamkatia mboga zote, akajiona hana mkono wa kulima. Si kosa lako, chombo chako hakijaiva. Kila msimu udongo wetu mwekundu wa Lubumbashi unakula chuma kidogo na vijiwe vinakula kidogo zaidi, mpaka bamba lililokuwa pana kama sahani linabaki na upana wa vidole vitatu. Hapo ndipo linapoweza kupita kati ya mche na mche bila kuugusa.

La mama yangu lilikuwa limefika hapo zamani. Na kwa kuwa alipalilia kwa mkono wa kuume, akivutia kwake kwa mshazari, lilikuwa limelika upande mmoja. Pembe moja ilikuwa imeisha kabisa, na nyingine imechongoka kama ukucha. Alikaita kajembe kake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukagusa.

Mama aliishi peke yake mtaa wa Bel-Air, katika lupango, kiwanja alichoachiwa na baba, nyumba mbele na bustani nyuma. Dada yangu mkubwa anakaa upande wa Karavia, katika nyumba nzuri ambayo uwanja wake umemwagwa saruji toka langoni hadi jikoni. Alitaka mama ahamie kwake, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kumwambia hivyo. Siku moja mama alichoka kusikia.

"Siku mutakuta mayani imeshinda bustani yangu, mutanibeba," alisema. "Mbele ya ile siku, muniache."

Dada alikubali. Tangu hapo, akifika Jumapili, alipita kwanza nyuma ya nyumba kuangalia matuta, ndipo arudi kusalimia vizuri. Matuta yalikuwa safi daima, hayana gugu hata moja. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, kwa maana nilikuwa upande wa mama.

Kosa nililifanya kwa sababu nilikuwa upande wake. Nilimwona akiinuka bustanini ameshika kiuno, nikafikiri: mpini ule ni mfupi mno, na bamba lenyewe limekwisha. Mama alipokwenda kulala kwenye kilio cha jirani siku mbili, nilichukua kajembe nikakapeleka mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, kwa mafundi wanaofua vyuma kando ya soko.

Fundi alikageuza mkononi, akawaonyesha wenzake.

"Papa, hii njo jembe ao kijiko?"

"Ni ya mama," nilisema.

"Aba! Mama anakula nayo bukari?"

Walicheka kufikiria jembe la kulia ugali, na mimi nikacheka pamoja nao. Alinifulia bamba jipya kutoka chuma cha springi za lori, pana, lenye makali, akalitia mpini mrefu uliolainishwa kwa kipande cha chupa. Bamba la zamani alilitupa kwenye rundo la vyuma nyuma yake. Nilisikia lilivyolia likianguka, wala sikugeuka.

Mama alipolipokea jembe jipya alilipitishia kiganja toka ukingo hadi ukingo, mara mbili.

"Aksanti, papa. Iko nzito."

"Utaizoea, mama."

"Na ile yangu?"

"Ile ilikwisha. Ilibakia kijiko."

Alicheka kidogo. "Kijiko yenyewe njo ilikuwa inanilisha."

Hapa inafaa nieleze ndago, kwa sababu asiyeijua ataona nasimulia jambo dogo. Juu ya ardhi ndago ni nyasi nyembamba ya kijani inayong'aa, nzuri hata. Chini ya ardhi ina vichwa vidogo vyeusi kama vitunguu vya panya, vimeunganishwa kwa nyuzi ngumu, kimoja chini ya kingine. Ukiikata kwa jembe pana umetenganisha vichwa, na kila kichwa kinaota. Ukiivuta kwa nguvu inakatika shingoni na kichwa kinabaki chini kinakusubiri uondoke. Inabidi upenyeze kitu chembamba kando yake, uinue udongo kutoka chini, kisha uivute taratibu. Ukucha wa kajembe ulikuwa umejitengeneza kwa kazi hiyo, msimu baada ya msimu, bila fundi.

Juma lililofuata mvua ilinyesha mfululizo. Niliporudi kumtembelea nilikuta lenga-lenga, mchicha wetu, zimelala zimekatwa katika tuta zima, majani yake yamenyauka, na ndago imesimama katikati. Nilifikiri mama anatania.

"Mama, leo umepalilia chakula ukaacha mayani?"

Aligeuza uso kufuata sauti yangu. Niliokota lenga-lenga moja nikamnyoshea aione. Mkono wake ulikuja kuipokea, ukapita kando ya mkono wangu, ukashika hewa.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Kumbe hakuona. Nilimuuliza tangu lini, akasema tangu mvua za mwaka uliopita, kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Mbegu alizipanda kwa kamba iliyonyooshwa, na nafasi kati ya mstari na mstari aliipima kwa kajembe kenyewe. Kwa hiyo kalipopita kati kalijua njia. Mkono wa kushoto ulitangulia ukipapasa. Shina la lenga-lenga ni la mviringo, la ndago lina pembe tatu, ukilisokota kati ya vidole huwezi kukosea. Jaribu siku moja ukiwa umefumba macho, utafaulu. Mama alikuwa amepalilia hivyo msimu mzima, na dada yangu mwenye macho mawili alikagua kila Jumapili akakuta safi. Jembe langu lilikuwa pana kuliko nafasi yake. Kila alipolivuta lilikata mstari wa kulia na wa kushoto.

"Juu ya nini haukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

Nilimpeleka kwa daktari. Alimmulika, akampima, akasema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Aliniambia mimi badala ya kumwambia mama, kana kwamba na masikio yalikuwa yamekwenda. Mama aliitikia: "Nilijua."

Nilirudi Kenya mbio, jembe jipya mkononi. Fundi alinikumbuka.

"Papa ya kijiko!"

Nilimwambia nataka lile bamba. Alikuna kichwa, akanionyesha mbabula tatu mpya, yale majiko ya makaa, zimepangwa zikingoja wateja. Bamba la mama lilikuwa limekatwa vipande, limekuwa miguu ya mojawapo. Alinionea huruma, akachukua jembe lile jipya akalisaga mpaka likawa jembamba, akachonga na ukucha upande mmoja kama nilivyomchorea mchangani. Mama alilishika, akalipima hewani.

"Inafanana," alisema. "Lakini haiko yenyewe."

Chuma cha lori kilikuwa kinene, kilisukuma udongo badala ya kuupenya, na mkono wake haukujua ncha inaishia wapi. Nilinunua mjini kifaa cha meno manne chenye mpini mrefu, unakikanyaga kwa mguu na kinang'oa mmea mzima. Ni kizuri kwa mtu anayeona pa kukanyagia. Mama alikanyaga katikati ya matembele yake. Muuzaji mmoja alinipa chupa ya dawa inayoua mimea yote, nikayasoma maandishi yake nimesimama langoni, nikairudisha, kwa sababu mama hula kutoka bustani ile kila jioni. Nilipiga magoti nikapalilia mwenyewe Alhamisi nzima. Nilisimama jioni nikiwa na furaha, tuta limekuwa jekundu, safi.

Jumamosi asubuhi, kila mahali nilipong'oa palikuwa na ncha ya kijani, ndefu kama ukucha wa kidole gumba.

Kesho yake ingekuwa Jumapili, siku ya dada.

Mama alikuja akakaa kwenye kigoda mwanzoni mwa tuta, kitambaa kichwani, mikono imelala magotini. Mimi nilichuchumaa mbele yake na kisu cha jikoni. Maisha yangu yote nimefundisha watoto wa wengine hesabu, na huwa nawaambia hakuna asiyeweza, kuna asiyeonyeshwa tu. Mama alinionyesha kwa upole kuliko mimi ninavyowafundisha wale watoto.

"Usivute na hasira. Shika chini, kwa shingo."

"Nimeshika."

"Ingiza kisu pembeni. Tikisa kiloko. Sasa vuta polepole, kama unatosha mwiba kwa muguu ya mutoto."

Nilitikisa kidogo, nikavuta polepole. Nilisikia kule chini kitu kidogo kikikatika, kama uzi.

"Imetoka na kichwa yake?"

Tuta lilikuwa refu, na nyuma yake lilikuwepo jingine, na jingine tena.

"Imetoka, mama."

Alinyosha mkono, kiganja juu, udongo umejaa kwenye mistari yake. Sikuwa na la kufanya ila kumwekea. Aliisokota kati ya vidole, akahesabu zile pembe tatu, akateremka na kidole gumba hadi mwisho, mahali ilipokatika. 

"Hii haina kichwa."

"Hapana, mama."

Hakunigombeza. Aliiweka chini kando ya kigoda, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Dada atakuya kesho," nilisema. "Ataanza na kuangalia matuta."

"Aangalie. Ye iko na macho."

Halafu akanyosha mkono tena.

"Ingine," alisema.